Shahidi wa Mdomo

Fomu ilikuwa na maswali kumi na manne. Saveria Gama alijibu kumi na matatu fasta, kidole gumba kinaruka tu juu ya simu: jina, umri, kabila, una mzio wa asali, unavuta sigara, unapiga filimbi. Hilo la filimbi likamchekesha kidogo. Kisha kidole kikafika kwenye la mwisho, kikaganda.

*Shahidi wa mdomo. Andika jina la mtu anayeujua mdomo wako.*

Akalisoma tena. Akazima simu, akaiwasha, labda swali lingeona aibu liondoke lenyewe. Wapi! Liko palepale, na kamstari kake katupu chini kanapepesa kama jicho.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Mafinga, mwezi wa saba, baridi ile ambayo ukiongea unaona maneno yako yakitoka kama moshi. Ukungu umebandika pua dirishani. Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti sita, vitano vitupu. Saveria alikalia kile cha pembeni kabisa, mikono ameibana katikati ya mapaja, na ulimi wake ulikuwa hautulii: unapita juu ya mdomo wa chini, unarudi, unapita tena, kama mtu anayezunguka nyumba yake mara ya mwisho kabla ya kuikabidhi kwa mpangaji.

Siyo kwamba aliogopa sindano. Sindano zenyewe sita, tena unapakwa ganzi kwanza. Alikuwa na hofu tangu juzi, chakula hakipandi, usingizi wa kuokoteza, lakini hofu hiyo hakuijua jina mpaka swali la kumi na nne lilipoitaja.

Mlango wa ndani ukafunguka. "Saveria? Karibu, mdogo wangu, karibu ndani. Mbona umejikunja kama kifaranga?"

Huyo alikuwa Tusajigwe, fundi wa midomo, Mnyakyusa mwenye mikono minene na sauti ya kuamsha nyumba. Watu wote walimwita Dada Tusa. Alikuwa amevaa koti jeupe juu ya sweta mbili.

"Dada, hapa namba kumi na nne," Saveria alisema akiwa bado amekaa. "Siwezi nikakuandika wewe?"

"Mimi? Mimi na wewe tumejuana dakika ngapi?"

"Lakini si mtanipiga picha? Hiyo picha ya kabla. Siku ya tisa nta ikishayeyuka, mnalinganisha, basi."

Dada Tusa akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yakagusana. "Sikiliza. Picha ni mdomo uliosimama. Mdomo siyo kitu cha kusimama, mdomo ni mwendo. Unavyoanza kucheka, unaanzia upande gani? Ukitaka kusema kitu halafu ukakiacha, unafanyaje? Mashine yangu haijui. Nta ikibaki kidogo kwenye kona, mashine inaona sawa tu, mdomo mzuri, nenda nyumbani. Lakini mama yako akikutazama atasema, 'Hee, huyu mbona siye?' Huyo ndiye namtaka. Mama yupo?"

"Alifariki nikiwa mdogo."

"Mchumba?"

Saveria akasonya, msonyo mrefu wa kuteleza.

"Ehee! Huo hapo. Msonyo mzuri kabisa, sasa nani atakuja kuniambia siku ya tisa kwamba ni huohuo?" Dada Tusa akacheka, halafu akaona Saveria hacheki, akapunguza sauti. "Rafiki wa kazini?"

Saveria alifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya miti, nje ya mji. Miche laki mbili, mashine nne za kumwagilia, na yeye mmoja wa kupita akipiga picha majani yenye ugonjwa. Alikuwa na majina mia tatu na kitu kwenye simu. Tangu jana usiku ameyapitisha yote, juu chini, chini juu, akitafuta mtu ambaye angeweza kumwandikia: *hivi mimi nikicheka naanzia upande gani?* Hakumwandikia hata mmoja.

"Nitajaza," alisema.

"Jaza. Maana bila kidole cha shahidi, mashine haifunguki. Na familia ya marehemu inakuja saa tatu."

* * *

Mjomba wake Batholomeo ndiye aliyemfundisha kazi hii ya utani, kazi ya Wangoni, na ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa anaujua mdomo wake. Alikufa mwaka juzi.

Wangoni na Wahehe walichapana enzi za mikuki mpaka wakachoka, wakabakiza matusi ya kucheka. Ndiyo utani huo. Mhehe akifa, Mngoni anaingia msibani bila kuitwa mara mbili, anavaa koti la marehemu, anaiga anavyotembea, anavyokohoa, anavyogomba na kuku, na watu wanacheka huku machozi yanawatiririka, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Hiyo ilikuwa zamani za mjomba. Siku hizi mtani havai koti tu. Anavaa mdomo.

Ilianza na vioo. Mzee yeyote akifika miaka sabini anawekewa kioo sebuleni, cha ukubwa wa sinia, kinamtazama uso kutwa nzima. Kiharusi kinaanzia mdomoni, unapinda kidogo tu kabla ya mtu mwenyewe kujua, na kioo kinaita gari la wagonjwa. Kimeokoa watu wengi sana. Hakisikii sauti, hilo watu walilikataa kabisa, hatutaki kusikilizwa majumbani mwetu! Kinatazama tu. Lakini kikishautazama mdomo miaka kumi, kinaujua kuliko mwenyewe. Mzee akifariki, ramani ya mdomo wake inakabidhiwa kwa familia.

Nta inasomewa ramani hiyo kwenye mashine. Nta yenyewe ni ya nyuki, imesukwa na nyuzi hai nyembamba kuliko unywele. Unadungwa, inapata joto la damu, inatandaa, na mdomo wako unakuwa wa marehemu, umbo na mwendo. Sauti inabaki yako. Siku ya kuanua matanga unakaa mbele ya ukoo, wanamwona mzee wao akiongea mara moja ya mwisho. Siku ya tisa inayeyuka.

Inayeyuka karibu yote. Mjomba Batholomeo aliwahi kumvaa mzee mmoja wa Ifunda aliyekuwa na tabia ya kuinua kona ya kushoto kabla ya kusema uongo, na kona ile haikumtoka mpaka anaingia kaburini. "Kile ambacho marehemu alikifanya sana," mjomba alimwambia, "ndicho kinachokuachia alama." Alisema huku kona imeinuka, kwa hiyo Saveria alikuwa hajui kama ni kweli.

* * *

Saa tatu kasoro, mlango wa nje ukasukumwa na baridi ikaingia kwanza, halafu mwanaume mkubwa mwenye koti la njano la mafundi wa mitambo ya upepo. Umri wa miaka hamsini na kitu. Kofia mkononi. Macho mekundu. Akasimama katikati akitazama viti vitano vitupu na kile kimoja.

"Ndiwe wewe?" akauliza. "Katika Wangoni wote wa dunia hii wameniletea kipande hiki?"

Saveria hakuinuka. Kazi ni kazi. "Nilijua tu Mhehe amefika. Mbwa wa getini nimemwona anakimbilia Makambako bila kuaga."

Yule mwanaume akakenua. Mabega yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ningemkamata ningekupa mkia. Lakini nyie mmezoea panya, mbwa atawavimbisha tumbo."

"Kamwene, mtani," Saveria akamwamkia Kihehe, akicheka.

"Kamwene. Mimi Erasto Kihwele. Marehemu ni mama yangu, Agripina." Akakaa, akaacha kiti kimoja katikati yao. Akaizungusha kofia mara mbili. "Unaogopa?"

"Naogopa nini? Kuvaa mdomo wa Mhehe? Nitatapika kidogo, nitazoea."

"Ulimi wako unazunguka huko nje kama unatafuta mlango."

Saveria akaufunga mdomo haraka. Hakuna aliyewahi kumwambia hilo.

Dada Tusa akatoka na kishikwambi chake, akampa pole Erasto, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Baba, mtani wako yuko tayari, amebakiza kitu kidogo kwenye fomu. Tumalize lile ombi lako, aseme mwenyewe kama anakubali. Mdomo ni wake."

Erasto akakohoa. Utani ukamtoka usoni. "Nataka aseme neno moja. Mbele ya ukoo. Nataka aseme, 'Nimekusamehe, Erasto.'"

Akaendelea, kwa haraka, kama mtu anayeteremka mlima na breki zimekatika.

"Nilikuwa sijaenda miezi kumi na moja. Makambako na hapa, si mbali, najua si mbali, msinitazame hivyo. Mitambo mia mbili na mimi ni msimamizi. Kila Jumanne ndege ya mizigo isiyo na rubani inampelekea sukari, dawa, mafuta ya taa, nyama. Haikukosa hata Jumanne moja. Nilikuwa nasema wiki ijayo. Unajua wiki ijayo ilivyo." Akaikunja kofia. "Lakini hakuwa mpweke. Hilo ndilo lililoniinua. Muoneshe, dada."

Dada Tusa akageuza kishikwambi. Ukurasa wa kwanza wa ramani ya Agripina Kihwele, miaka themanini na moja, miezi ileile kumi na moja ya mwisho. Maneno ambayo kioo kiliyasoma kwenye mdomo ule mara nyingi zaidi, kutoka juu kwenda chini. La kwanza kabisa:

*Karibu. Mara 4,016.*

"Mara elfu nne!" Erasto alisema, na machozi yakamtoka akiwa anatabasamu, vyote kwa pamoja. "Kila siku wageni kumi na wawili! Nyumba ya mama ilikuwa haikauki watu. Na wastaarabu, maana nimefika pale baada ya msiba nikakuta vikombe vyote vimeoshwa, vimepangwa kabatini, kimoja tu ndicho kilikuwa mezani. Nikasema, asante Mungu. Mimi sikwenda, lakini watu walikwenda."

"Alikuwa anapendwa," Dada Tusa alisema. "Sasa shida ya lile neno lako, baba, nilishakuambia. 'Nimekusamehe' kwenye ramani ni sifuri. Hakuwahi kulisema. Naweza kulishona kwa vipande, *nime* ya huku, *samehe* ya kwenye sala. Litatoka. Watu wa mbali hawatagundua. Mtani, unakubali?"

"Nipe dakika," Saveria alisema. "Naomba nikishike hicho kishikwambi."

Akapewa kishikwambi. Wakamwacha, Dada Tusa akaenda kupasha nta, Erasto akatoka kupiga simu kwa shangazi zake.

* * *

Mtu mwenye hofu anasoma kila kitu. Anasoma maandishi ya kwenye kizimamoto, anasoma tarehe ya mwisho ya maji ya chupa. Saveria akaanza kushuka na ile orodha kwa kidole, siyo kwa sababu anatafuta kitu, ila ili mikono ipate kazi.

*Karibu*, 4,016. *Pita ndani*, 2,870. *Ee Mungu*, 1,344. *Erasto*, 702. *Kaa hapo, kaa*. *Chai ipo*. Akashuka, akashuka, mpaka mkiani kabisa kwenye maneno yaliyosemwa mara chache, na hapo macho yakamtoka.

*Marahaba. Mara 6.*

Akadhani ameona vibaya. Akakuza maandishi. Sita.

Sasa niambie wewe. Bibi wa miaka themanini na moja. Wageni kumi na wawili kila siku. Mtoto, mkwe, jirani, mpita njia, hata mwizi akikutwa na bibi wa miaka themanini na moja ataanza na shikamoo! Hakuna mlango wa bibi unaoingilika bila hiyo. Watu elfu nne na shikamoo sita? Haiwezekani. Haipo nchi hii.

Kulikuwa na ukurasa wa pili. Hakuna anayeufunguaga, maana nta haiuhitaji. Kioo huwa kinahesabu nyuso zilizopo chumbani ili kisichanganye mdomo wa mzee na wa mgeni. Saveria akaufungua. *Siku zenye uso mwingine: 6.* Akagusa ya kwanza. Afisa afya, kufuta kioo. Akagusa ya pili. Afisa afya, kufuta kioo. Akazigusa zote.

Akakilaza kishikwambi mapajani.

Kioo kile kilitazamana na mlango, ndivyo vinavyowekwa. Kwa hiyo aliiona picha yote bila kuonyeshwa: bibi amekaa na shali yake, upepo umetikisa bati, au ndege ya mizigo imetua uani Jumanne, au hakuna kitu kabisa, kimya tu kimezidi, na bibi ananyoosha shingo. Karibu. Pita ndani. Kaa hapo, kaa. Chai ipo. Halafu anaosha kikombe chake kimoja.

Jumapili iliyopita Saveria aliiambia birika asante. Ilikuwa imechemka, ikajizima yenyewe, tiki, naye akasema asante, kwa sauti, halafu akasimama katikati ya chumba chake cha kupanga akijisikia masikio yanamwaka moto. Hajamwambia mtu. Angemwambia nani?

Akapiga hesabu ya mambo. Akinyamaza, Erasto anaondoka na wageni wake elfu nne, analala vizuri mpaka uzee wake. Anapata na msamaha wake wa kushona. Nani ameumia? Marehemu kalala. Yeye Saveria, naye, atarudi chumbani kwake na neno moja limebaki kwenye kona ya mdomo, basi. Mtu mwenye roho nzuri angenyamaza.

Lakini mjomba Batholomeo alikuwa na sheria moja tu, na aliisema bila kuinua kona. "Msibani kila mtu anamdanganya mfiwa. Padri anamdanganya, majirani wanamdanganya. Sisi tu ndio tumepewa ruhusa ya kusema. Ukiitupa hiyo ruhusa, basi wewe ni mchekeshaji, siyo mtani."

Na kingine, ambacho mjomba hakukisema: hizo mara elfu nne alizisema peke yake, bila mtu wa kuzisikia. Saveria akinyamaza, hazitasikika milele. Itakuwa ni kumfungia yule bibi mlango mara ya pili.

Erasto akaingia akiweka simu mfukoni, uso umechangamka.

"Shangazi zangu wanataka upige na kigelegele chake. Haya, Mngoni, umekubali?"

"Kaa, mtani. Kaa karibu, toka kwenye hicho kiti cha pili, mimi siumi." Alipokaa, Saveria akageuza kishikwambi. "Nyie Wahehe mnajua kulala na kukasirika tu, kusoma hamjui. Umesoma mstari wa kwanza ukafunga kitabu. Shuka. Shuka mpaka chini. Haya, soma hapo."

"Marahaba," Erasto akasoma. "Sita."

"Wageni elfu nne. Wamekosa adabu wote?"

Alimwona anatafuta jibu. Alimwona akilipata, akilikataa, akitafuta lingine. Mdomo wake mkubwa ukaanza neno, ukaliacha. "Labda... kioo kilikosea."

Saveria akafungua ukurasa wa pili, akausogeza. Kidole kikubwa chenye mafuta ya mashine kikagusa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote sita, polepole, kama alivyofanya yeye.

"Vile vikombe," Erasto alisema mwishowe.

"Ndiyo, mtani."

Akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Dada Tusa akachungulia, sindano mkononi. "Wewe ni mtoto mdogo!" Erasto akafoka. "Unajua nini wewe? Nilikuomba neno moja! Moja! Nina haki ya kukufukuza hapa, nikatafute Mngoni mwingine, wako wengi tu!"

"Katafute. Atakushonea." Sauti ya Saveria ilitetemeka na akaiacha itetemeke. "Mimi huo mdomo nitakaa nao, mtani. Siku tisa. Na kitakachobaki, kitabaki kwangu. Siwezi kuubeba ukiwa na neno la uongo, halafu lile alilolisema mara elfu nne tunalificha chini ya meza. Nitakusemea yote aliyoyasema. Jina lako lipo, mara mia saba na mbili. Lakini msamaha hakuusema, na mimi sina wa kukupa."

Erasto aliiokota kofia yake. Akaiangalia kama hajui ni ya nani. Ukungu dirishani ulikuwa umeanza kupungua, na mtu alionekana barabarani akisukuma baiskeli yenye mbao.

"Sasa mimi nifanye nini?" aliuliza. Haikuwa sauti ya kufoka tena.

"Yeye alikuwa anasubiri nini, miezi yote hiyo?"

Erasto akageuka, akautazama mlango.

"Basi kapige hodi," Saveria alisema. "Nikishadungwa. Usije ukakaa mbele yangu kama mkaguzi. Toka nje, simama mlangoni, piga hodi kama mtoto wa mtu."

* * *

Kitanda cha sindano kilikuwa na joto na kilinukia asali iliyoungua kidogo. Dada Tusa alishampaka ganzi, na mdomo ulianza kusinzia kutoka kingoni kwenda katikati. Mashine ilikuwa inapepesa taa nyekundu.

"Mdogo wangu," Dada Tusa alisema kwa upole, "namba kumi na nne."

Saveria alitazama dari. Hii ndiyo ilikuwa zamu yake ya kuona aibu. "Sina, dada. Nimetafuta. Kweli sina."

Erasto alikuwa bado mlangoni, kofia imebanwa kwapani. "Huna nini?"

Dada Tusa akamweleza: mtu anayeujua mdomo wake, siku ya tisa, aje aseme umerudi. Erasto akamtazama Saveria. Akasogea, akapiga goti kando ya kitanda, goti likalia, akamtazama mdomo kwa muda mrefu, bila mzaha, jinsi fundi anavyotazama mtambo ambao atalazimika kuufungua na kuurudisha.

"Ukicheka unaanzia kulia," alisema. "Ukitaka kutukana unaubana kwanza, kama umeng'ata uzi. Ukiogopa, ulimi unatoka nje unazunguka. Ukisema kweli, wa chini unatetemeka." Akashusha macho. "Wa mama sijui ulikuwa unafanyaje. Nimejaribu kukumbuka tangu pale nje, sijui. Huu nimeushika. Hebu sonya kidogo, niongeze na huo."

Saveria akasonya, ganzi na yote, mate yakamponyoka. Erasto akacheka. Naye akacheka, kutoka kulia.

"Siku ya tisa ni Ijumaa ya wiki ijayo," Dada Tusa alisema.

"Nitakuja." Halafu akajisikia alichokisema, akarekebisha. "Nakuja Alhamisi. Nalala hapahapa mjini." Akabonyeza kidole kwenye simu ya Saveria, taa ya mashine ikawa kijani, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Ya kwanza haikuuma. Ya pili haikuuma. Ya tatu Saveria aliishika nguo ya Dada Tusa, naye akamwacha aishike. Baada ya ya sita joto likatandaa mdomoni, zito, taratibu, kama mtu mzima anayekaa kwenye kiti ambacho si chake na kuomba radhi. Wa chini ukasogea mbele kidogo. Kona zikashuka. Hakuna kioo chumbani, ni sheria, lakini alijua. Alitaka kuupitishia ulimi, na ulimi haukukuta mtu unayemfahamu.

Mlango ukagongwa. Mara mbili, kwa woga.

"Hodi."

Na hapo, nakuambia, Saveria hakufanya kitu. Alikuwa hajavuta hata pumzi ya kusema. Mdomo ulishaondoka wenyewe, laini, umezoea, haukukwama hata kidogo. "Karibu. Pita ndani."

Dada Tusa alikuwa amesimama na sinia, hathubutu kuliweka chini.

"Hodi," ikaja tena, na safari hii ilikuwa imevunjika katikati.

"Karibu. Karibu, pita ndani. Kaa hapo, kaa. Chai ipo."

Kitasa kikageuka. Erasto akaingia akiwa ameinama, mtu mkubwa kama yule, amejikunja kana kwamba mlango ni mfupi. Hakukaa kwenye kiti. Akakaa sakafuni, akainua uso.

"Shikamoo, mama."

Mdomo ukasita. Lile neno ulikuwa haulijui tena. Ukalitafuta, ukafunguka, ukafunga, ukaliburuta kama bawaba iliyokosa mafuta. "Ma... rahaba."

Erasto alisikia ulivyokwama. Alielewa kwa nini. Akajifuta pua kwa mkono wa koti la njano.

"Shikamoo, mama," akasema tena.

"Mara... haba."

Akarudia. Akarudia tena, polepole, akisubiri kila mara mpaka neno lifike lenyewe. Ya nne, ya tano, likaanza kulainika. Ya sita likatoka zima. Akashusha pumzi, akaweka mkono mmoja sakafuni, akaamkia ya saba.